Mji wa Kushukia Pikipiki



Kwa wengi wenu pikipiki ni kazi. Ni chombo cha kubebea abiria, magunia ya makala na hata wagonjwa, na mtu akifikisha miaka 60 akiwa bado juu yake, majirani husema ni shida iliyomweka pale. Ziko nchi ambako mambo yamekaa kinyume. Huko Marekani mtu hufanya kazi kiwandani au ofisini miaka 40, kisha hununua pikipiki kubwa kwa ajili ya furaha tu. Siku ya kustaafu inapokaribia huuliza swali ambalo kwetu laweza kusikika kama mchezo: nihamie mji gani wa jangwani, ili niendeshe mwaka mzima mpaka uzee unizuie?

Sisi hatulioni kuwa mchezo. Aulizaye hivyo anauliza pia atazeekea wapi, miongoni mwa nani, na nani atamfungulia mlango siku atakapoanguka. Maoni yetu ni haya: wengi huuchagua mji wakiwa wamekaa juu ya kiti cha pikipiki, ilhali wangepaswa kuuchagua wakiwa wameshuka.

Kwanza tuwatendee haki. Katika majimbo ya kaskazini theluji hufunika barabara kwa miezi, na pikipiki hufungiwa bandani ikingoja jua. Huko Tucson, katika jimbo la Arizona, mchana wa mwezi wa Desemba huwa na joto la nyuzi 18 hivi, na anga ni kavu. Kando ya mji huo huanza barabara iitwayo Catalina Highway. Kwa kilomita zipatazo 43 hupanda kutoka kwenye mipungate mirefu ya saguaro hadi kwenye misonobari ya mlima Lemmon, ambao kilele chake kina mita 2,791. Mashariki ya jimbo hilohilo, kati ya Clifton na Springerville, barabara namba 191 ina kona zaidi ya 400. Zamani ilibeba namba 666, na msomaji wa Kitabu cha Ufunuo atatabasamu akisikia kwamba mwaka 1992 namba hiyo ilibadilishwa. Aliyefanya kazi maisha yake yote hana kosa akizitamani njia kama hizo. Furaha ya uzeeni nayo ni haki yake.

Lakini jangwa huonyesha wageni uso wake wa Desemba, na uso wa Julai hulibakizia wenyeji. Mji wa Lake Havasu City, kando ya mto Colorado, ni mfano mzuri. Ulijengwa katika miaka ya 1960 na tajiri Robert McCulloch, ambaye mwaka 1968 alilinunua daraja la kale la London, akalisafirisha jiwe kwa jiwe, akalisimamisha upya jangwani. Daraja lilizinduliwa mwaka 1971, na hadi leo huvuta watalii. Mji huohuo ndio unaoshikilia rekodi ya joto ya Arizona: nyuzi 53, tarehe 29 Juni 1994. Huko Phoenix, mwaka 2023, joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Mwaka huo wilaya ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wazee wengi.

Mwendeshaji wa pikipiki hudhani upepo utamwokoa. Hapa elimu ya mwili inamkanusha. Ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa na joto chini ya hapo, upepo huondoa joto mwilini. Ikizidi hapo, kila upepo unaompiga humwongezea joto, na kinachobaki kumpoza ni jasho lake peke yake. Jangwani jasho hukauka kabla mtu hajajua kwamba limetoka. Mzee ambaye kiu yake imekwisha kudhoofika, aliyevaa koti zito la kumkinga akianguka, huishiwa maji mwilini akiwa bado anafurahia kona.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima ni urefu wa mji kutoka usawa wa bahari. Wenzetu wanaoshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira wanalijua jambo hili kwa miili yao: mita mia kadhaa za mteremko zinatosha kubadili hali ya hewa yote. Ndivyo ilivyo Arizona. Phoenix iko chini, kwenye mita 330 hivi. Tucson iko kwenye mita 730, na mlima uko mlangoni pake. Prescott na Bisbee ziko juu ya mita 1,600. Kiangazi chake hubebeka, ingawa wakati wa baridi theluji huanguka mara mojamoja na barabara huteleza asubuhi.

Jambo la pili ni maji. Mstaafu mwenye akiba ndogo huvutwa na kiwanja cha bei nafuu nje ya mji, penye ukimya na barabara tupu. Basi na asikie habari za Rio Verde Foothills, karibu na mji wa Scottsdale. Sheria ya Arizona ya mwaka 1980 iliweka msingi kwamba, katika maeneo yanayosimamiwa, wajenzi wa mitaa mipya waonyeshe kuwa kuna maji ya kutosha miaka 100. Huko Rio Verde ardhi iligawanywa kidogokidogo, viwanja vichache kwa mara moja, hivyo sharti hilo likakwepwa. Nyumba nyingi zilitegemea malori ya maji yaliyojazwa Scottsdale. Tarehe 1 Januari 2023 Scottsdale, ikihofia ukame wa mto Colorado, iliacha kuyajaza malori hayo. Watu wenye nyumba nzuri walijikuta wakikinga maji ya mvua, hadi ulipopatikana mpango wa muda baadaye mwaka huohuo. Wengi wenu mmebeba kidumu kichwani kutoka kisimani, nasi hatuna haja ya kuwaeleza nyumba isiyo na maji ni nini. Tofauti ni kwamba aliyekumbwa na haya huko alikuwa amelipia nyumba kwa akiba ya maisha yake yote, akiamini bomba ni jambo la kawaida kama jua.

Jambo la tatu ni mwili wenyewe. Pikipiki kubwa za safari ndefu huzidi kilo 350. Kijana huisimamisha kwa mguu mmoja kwenye taa za barabarani. Mwenye magoti ya miaka 75 hawezi. Wengine huhamia pikipiki za magurudumu matatu, nasi tunaona huo ni uamuzi wa busara usiostahili kuchekwa. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba, kwa umbali uleule, hatari ya kufa ya mwendesha pikipiki ni zaidi ya mara 20 ya ile ya aliyemo ndani ya gari. Sheria ya Arizona humlazimisha kuvaa kofia ngumu aliye chini ya miaka 18 tu. Mtu mzima huachiwa uhuru, na wako wanaofikiri uhuru huo ni sababu ya kuhamia huko. Sisi tunasema mzee anayefurahia kwamba hakuna wa kumwamuru avae kofia amekosa mtu wa kumpenda kiasi cha kumgombeza.

Tena kuna kuvu anayeishi katika udongo wa jangwa hilo. Vumbi likipeperuka, mbegu zake huvutwa mapafuni na kuleta ugonjwa uitwao homa ya bonde, ambao huweza kuwa mzito kwa wazee na kwa wenye miili dhaifu. Basi hospitali iliyo karibu si anasa. Ukiumia katikati ya zile kona 400 za barabara ya 191, uzuri wa mandhari hautakufupishia njia ya kufika kwa daktari.

Tumefika kwenye jambo la nne, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote: majirani. Tarehe 1 Januari 1960 mjenzi Del Webb alifungua Sun City, karibu na Phoenix, mji uliokusudiwa wastaafu. Katika siku za mwanzo watu wapatao 100,000 walifika kuutazama. Nyumba zilikuwa nadhifu, viwanja vya gofu vilikuwapo, na kanuni ilikuwa wazi: mji ni wa wenye umri mkubwa, na watoto huja kutembelea tu. Mfano huo umeigwa mahali pengi. Hatusemi waliouchagua ni watu wabaya. Wengi walilea, walichoka, walitaka utulivu. Lakini vijana, utafakarini mji ambao nyinyi hamruhusiwi kuishi ndani yake. Hakuna shule, hakuna mpira unaovunja kioo, hakuna mtoto wa jirani wa kutumwa dukani. Kila jirani ana umri uleule, hivyo wote hudhoofika pamoja, na anayehitaji kunyanyuliwa huzungukwa na wanaohitaji kunyanyuliwa. Katika mji huo pikipiki ndiyo mlango wa kutokea. Siku inapouzwa, mlango umefungwa.

Upande wa pili uko Bisbee, ambao vijana wa Kolwezi na Likasi watauelewa bila kuelezwa sana. Ulizaliwa mwaka 1880 kwa ajili ya shaba. Shimo lake kubwa liko wazi hadi leo kando ya barabara. Mwaka 1975 machimbo makubwa yalifungwa, wachimbaji wengi wakaondoka, na nyumba zao zikashuka bei. Ndipo wakaja wasanii na wastaafu, baadhi yao wakiwa na pikipiki zao. Mji uliodhaniwa umekufa ukapata watu mchanganyiko, wanaojuana kwa majina. Tunaupenda, lakini hatutauficha udhaifu wake: nyumba nyingi zimeshika ubavu wa mlima, hufikiwa kwa ngazi ndefu za saruji, na hospitali kubwa ziko Tucson, kilomita zipatazo 150. Ngazi zinazopendeza kwenye picha humhukumu mwenye nyonga mbovu kubaki ndani.

Kwa hiyo tukiulizwa, tutaitaja Tucson yenyewe. Haina kimya cha jangwa tupu, na mchana wa Julai hufika nyuzi 38 kwa kawaida. Lakini maji ya mto Colorado huletwa huko kwa mfereji wenye urefu wa kilomita zipatazo 540, na mji huyashindilia ardhini katika bonde la Avra, yawe akiba ya miaka mibaya. Una chuo kikuu, hospitali kubwa, na watu wa kila umri. Mwaka 2020 mabasi yake yaliondolewa nauli, jambo lisilomgusa mwenye pikipiki hata kidogo, mpaka siku atakapoiuza. Na ile barabara ya kupanda mlima Lemmon, ambako hewa hupoa kwa zaidi ya nyuzi 10, huanzia hapohapo.

Kuna atakayetupinga akisema: mtu huyu amebakiwa na miaka 10 mizuri, kwa nini aiishi akiogopa mwaka wa 11? Pingamizi hili lina nguvu, wala hatulidharau. Wako wazee waliokufa kwa woga mrefu wa mambo yasiyowapata. Lakini hatumwambii aache kona. Tunamwambia alale mahali ambapo kona ziko karibu na binadamu wako karibu zaidi. Tena mara nyingi yuko mwenzake: mkewe aketiye kiti cha nyuma, au asiyependa pikipiki kabisa. Mara nyingi mke huishi kuliko mume. Mji uliochaguliwa kwa ajili ya barabara ndio atakaoachiwa mama huyo, peke yake, katika nyumba asiyoweza kutoka bila gari. Kuhama kwa mara nyingine, mtu akiwa na miaka 80 na msiba mpya moyoni, ni vigumu kuliko kuchagua vema leo.

Ushauri wetu kwa mstaafu huyo ni mfupi. Kabla ya kununua nyumba, na akapange chumba katika mji huo kwa wiki mbili za mwezi wa Julai, pamoja na mkewe, na funguo ya pikipiki aiache kwa rafiki. Aende kwa miguu au kwa basi kununua mkate, kumwona daktari, kumsalimu jirani. Atakachokiona katika wiki hizo ndicho atakachoishi nacho mwishoni.

Nanyi vijana, wengi wenu siku moja mtawajengea wazazi wenu nyumba. Mtavutwa na kiwanja kikubwa nje ya mji, mahali ambapo nyinyi mtafika kwa pikipiki bila shida. Kabla hamjalipa, mpelekeni mama hapo kwa miguu, saa saba mchana, mkahesabu milango ya majirani anayoweza kuibisha.