Taa ya Udongo

Akina mama wenzetu, zamani katika mji wa Roma alikuwako mtumwa mmoja mlemavu wa mguu, jina lake Epictetus. Baadaye aliachiwa huru, akaenda kufundisha huko Nicopolis, Ugiriki. Mwanafunzi wake Arrian ametuhifadhia mafundisho yake, na humo mna kisa cha taa. Epictetus alisikia kishindo, akateremka mbio, akakuta taa yake ya chuma imeibwa. Hakupiga yowe. Alijiambia kwamba kesho atapata ya udongo, kwa kuwa mtu hupotewa na kile tu alicho nacho. Tena alisema mwizi ndiye aliyelipa bei kubwa, maana kwa ajili ya taa amekubali kuwa mwizi.

Alipofariki, anasimulia mwandishi Lucian, mtu mmoja aliinunua ile taa ya udongo kwa drakma 3,000. Alitumaini kwamba akisoma usiku kwa mwanga wake ataipata hekima ya marehemu.

Tusimcheke upesi. Ndivyo tulivyo wanadamu: hata utulivu wa moyo tunataka kuununua. Tazameni makabati yetu ya vyombo pale sebuleni. Mna vikombe vinavyomngoja mgeni ambaye haji, na mtoto akikigusa kimoja, moyo wa mama unaruka. Akikivunja, nyumba nzima haina amani siku mbili. Na kikombe chenyewe ni cha udongo!

Hatusemi kwamba umaskini ni mzuri. Sisi tunaohudumu wodini tunamjua mama anayekuja kujifungua bila kanga wala sabuni. Huyo asihubiriwe kuridhika, apewe kanga. Epictetus naye hakukubali kukaa gizani, alitafuta taa nyingine. Tunalotaka kulitazama ni ule mruko wa moyo. Mwenye vikombe viwili anaweza kuwa nao sawasawa na mwenye arobaini, na pengine wa viwili akazidi.

Katika kikundi chetu cha akina mama tumekubaliana kwamba mwezi huu kila mmoja atoe vikombe vya kabatini, anywee chai na watoto wake siku ya kawaida tu, tuseme Jumanne. Mama mmoja ameshauliza kama anaruhusiwa kuanza na kile chenye ufa.