Hesabu ishikwe mikononi, isibaki ubaoni

Mwaka 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kando ya ziwa Edward katika Kivu ya Kaskazini, mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa kwa mafungu. Unakadiriwa kuwa na miaka 20 000 hivi, na wataalamu wengi wanaona kwamba ulitumika kuhesabia. Leo uko Bruxelles.

Mtoto wa shule ya msingi pale pale mashariki mara nyingi hana hata kijiti cha kushika. Ana ubao, chaki ya mwalimu, na wimbo wa kuzidisha kwa Kifaransa. Anauimba vizuri. Mwulize mbili mara tatu ni kitu gani, ananyamaza.

Mchana mtoto huyo huyo anamsaidia mama yake kuuza sambaza sokoni. Anapima kikombe na nusu, anarudisha franka bila kukosea. Nusu anaijua. Inayomshinda ni ½ ya ubaoni, kwani hakuna aliyemwonyesha kwamba ni kile kikombe chake.

Vifaa viko: vifuniko vya chupa, vijiti vilivyofungwa kumi kumi, kopo la Guigoz ambalo akina mama wa Bukavu wanapimia unga. Kwa sayansi, yai moja na glasi mbili: ndani ya maji matupu linazama, ndani ya maji ya chumvi nyingi linaelea. Aliyekimbia vita na kukosa masomo mwaka mzima anaona. Asiyesikia anaona. Asiyeona anagusa fungu la vijiti na kujua kumi ni nini. Na yule anayesema Mashi au Kinande nyumbani hasubiri Kifaransa ili aelewe.

Walimu watajibu kwamba tangu elimu ya bure ianze Septemba 2019, madarasa yamejaa. Hoja hiyo ni nzito. Hakuna anayeweza kuzunguka benchi zote za watoto 80. Lakini kila benchi inaweza kuwa na mfuko wake wa vifuniko na mtoto mmoja wa kuuchunga. Vikipotea, vitaokotwa vingine.

Kweli, vifuniko peke yake havifundishi. Kuna masomo ambamo watoto wanachezea vifuniko mpaka kengele inalia, na hakuna namba iliyoandikwa. Mwalimu aanze na vijiti, afuate mchoro wa vijiti, kisha namba, halafu vijiti viondolewe. ENAFEP inafanywa kwa karatasi, na mtoto hataingia na mfuko wake.

Kizuizi kikubwa ni ukaguzi. Mara nyingi mkaguzi anafungua daftari la maandalizi na kutazama programu imefika wapi, na mwalimu aliyetumia siku mbili kwa vijiti anaonekana amechelewa. Kabla ya masomo kuanza tena Septemba, wizara iongeze swali moja tu kwenye fomu ya ukaguzi: leo watoto wameshika nini?