Mwaridi ukinyong'onyea, mtambue mdudu kabla ya kununua dawa

MWARIDI wa uani ukianza kukunja majani, wengi hukimbilia duka la pembejeo. Huulizia "dawa ya wadudu", hupewa chupa, na jioni hiyohiyo mti mzima hupuliziwa. Wiki mbili baadaye majani yamezidi kuwa ya njano, na lawama inakwenda kwa muuzaji kwamba dawa ilikuwa feki.

Mara nyingi dawa haikuwa feki. Ilipuliziwa mdudu asiyehusika, au iliwaua wadudu waliokuwa wakimsaidia mwenye bustani. Nyumbani kosa hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu miwaridi hupandwa karibu na mlango, kamba ya nguo na mahali watoto wanapochezea. Pwani, mawaridi huchumwa kupamba nywele, kufungia vikuba na kumtandikia bibi harusi. Ua lenye sumu halifai kwa lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchunguza. Inahitaji mwanga wa asubuhi na karatasi nyeupe. Geuza majani uangalie upande wa chini, kisha tazama ncha changa, matumba na shina.

Vidukari
Hawa ndio wanaoonekana zaidi. Ni wadogo, laini, wa kijani, weusi au wa rangi ya waridi, na hujazana kwenye ncha changa na chini ya matumba. Hufyonza utomvu na kuacha majimaji matamu yanayonata, ambayo baadaye huota ukungu mweusi kama masizi. Msururu wa sisimizi wanaopanda shina ni dalili nzuri ya kuwapo kwao, kwani sisimizi hula utamu huo na huwalinda vidukari dhidi ya maadui.

Vidukari huzaa bila kupandana, na kwenye joto kitoto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana ncha iliyokuwa safi Jumamosi hujaa Jumamosi inayofuata. Hata hivyo, ni wepesi kuwadhibiti. Waminye kwa vidole, au wapige kwa maji ya mpira kila asubuhi kwa siku tatu au nne. Wengi wakishaangushwa hawawezi kurudi juu.

Utitiri mwekundu
Huyu ndiye anayewachanganya wengi. Jani hujaa vidoa vidogo vya njano, kana kwamba limechomwachomwa na pini, kisha hugeuka rangi ya shaba na kudondoka. Chini yake huonekana utando mwembamba. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe: vinukta vinavyotembea ndio wenyewe.

Utitiri una miguu minane na ni jamaa wa buibui, kwa hiyo dawa nyingi za wadudu haziuui. Zinachoua ni wale wanaoula. Ndiyo sababu baada ya kupulizia ovyo utitiri huongezeka badala ya kupungua. Naivasha, Kenya, ambako mawaridi hulimwa kwa ajili ya kuuzwa nje, mashamba hutumia aina nyingine ya utitiri unaokula huu mwekundu.

Nyumbani, dawa yake ya kwanza ni maji. Utitiri hupenda joto, ukame na vumbi, hivyo miwaridi iliyo kando ya barabara ya vumbi huumia zaidi wakati wa kiangazi. Osha majani upande wa chini mara mbili au tatu kwa wiki, mwagilia mizizi vizuri, na ondoa majani yaliyoharibika sana. Uoshaji ufanyike asubuhi ili majani yakauke mapema.

Vithiripi
Tumba likigoma kufunguka, au ua likifunguka likiwa na kingo za kahawia, shuku vithiripi. Maua meupe na ya rangi hafifu huonyesha madhara haraka. Kung'uta ua juu ya karatasi utaona wadudu wembamba kama vipande vya uzi. Kwa kuwa hujificha ndani ya tumba, dawa huwafikia kwa shida. Kata maua yaliyoharibika, yafunge kwenye mfuko na uyatupe. Usiyaache chini ya mti.

Wadudu gamba na watafunaji
Vigaga vyeupe au vya kahawia kwenye shina ni wadudu gamba. Wasugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, na tawi lililozidiwa likatwe. Matundu kwenye majani na petali ni kazi ya viwavi au mbawakavu. Kama mchana hawaonekani, toka usiku na tochi, waokote na uwatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Wasiohusika
Jani lililokatwa nusu duara safi pembeni limekatwa na nyuki anayejengea kiota chake. Haudhuru mti, mwache. Mdudu kibibi, yule mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, hula vidukari. Mtoto wake ana umbo jingine kabisa: ni mrefu, mweusi wenye madoa ya machungwa, mfano wa kenge mdogo, na wengi humuua wakidhani ni kiwavi.

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiriunga, na madoa meusi ya mviringo ni ugonjwa wa ukungu. Dawa ya wadudu haiyatibu haya. Pogoa ili hewa ipite, okota majani yaliyoanguka, na mwagilia ardhini badala ya juu ya majani.

Maji yakishindwa
Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani machache na usubiri siku moja. Yasipoungua, nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, kwani sabuni huua mdudu inayemgusa tu. Sabuni ya unga isitumike, huunguza majani. Penye mwarobaini, twanga kilo moja ya majani mabichi, loweka katika lita tano za maji usiku kucha, chuja na unyunyize jioni, maana jua huiondolea nguvu.

Ikibidi kununua kiuatilifu, nenda na jani lenye mdudu ili muuzaji aone. Kwa Tanzania, hakikisha kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwamba lebo inamtaja mdudu uliyemwona. Vaa glavu na barakoa, anua nguo kambani, waweke watoto na kuku mbali. Usikihamishie kwenye chupa ya soda hata kidogo, kwani mtoto hunywa anachokijua kwa chupa.

Samadi na mbolea ya kukuzia zitumike kwa kiasi, kwa sababu machipukizi teketeke ndiyo yanayowavuta vidukari. Mwenye kugeuza majani ya miwaridi yake mara moja kwa wiki huwakuta wadudu wakiwa wachache, na hapo vidole na maji hutosha.