Choo Kina Kibao, Kaburi Halina

Tembea Rhino Camp kutoka Ocea mpaka Siripi ukihesabu vibao. Kisima kina kibao. Choo cha shule kina kibao. Hata tangi la maji lililopasuka zamani bado lina kibao chake: majina ya wafadhili, bendera, namba ya mradi, mwaka ulioanza na mwaka ulioisha. Halafu zunguka nyuma ya nyumba, pale udongo ulipoinuka kidogo na nyasi zimefunika, uulize amelala nani. Utajibiwa: "Iko mutu moja wa zamani." Nani? "Hapana jua. Watu yake walihama."

Hoja yangu ni hii, na sitaizungusha. Kambi inayoandika jina la aliyelipia choo lakini haiandiki jina la mtu aliyekufa ndani yake imekosa kitu kikubwa, na lawama haziendi upande mmoja. Wanaotoa misaada wanayo sehemu yao. Wazee wetu, wachungaji wetu na kamati zetu za RWC wanayo yao.

Watu wananishangaa kwamba napenda kutembea makaburini. Nikienda Arua mjini, shughuli ikiisha na gari la kurudi bado halijajaa, napita kwenye makaburi ya zamani, ya misheni au ya Waislamu, nasoma. Pale penye maandishi nachukua mwaka wa kufa, natoa mwaka wa kuzaliwa. Huyu aliishi miaka 71. Huyu miaka 4. Huyu alikuwa na umri wangu kamili, na hapo nasimama kidogo. Hakuna mahubiri yanayonifanya niwaze maisha yangu kama hesabu ile ndogo ya kutoa. Najiuliza: hii miaka iliyobaki, kama ipo, nitaifanyia nini? Halafu napanda gari narudi kambini, ambako hesabu hiyo huwezi kuifanya, maana hakuna pa kusoma.

Koboko ndiko nilikoona jambo lingine. Kwenye maboma ya Wakakwa makaburi yako uani. Mengine yamesakafiwa kwa saruji, mihogo inaanikwa juu yake, watoto wanakaa hapo wakisubiri chakula. Babu hayuko mbali, yuko pale pale anasikia kelele zao. Na Koboko ni mahali ambapo nchi tatu zinagusana, pale Salia Musala, kwa hiyo ukoo mmoja una makaburi Uganda, una mengine Kongo, una mengine Sudan Kusini. Mpaka umewagawa walio hai na wafu pia. Lakini uliza mzee yeyote wa boma, atakuambia nani kalala wapi, na ng'ambo ya mpaka gani.

Watu wa West Nile hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ukitoka mjini Arua kidogo unafika Ombaci, kwenye misheni ya Wakatoliki. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa UNLA, jeshi la serikali ya wakati ule, waliwashambulia raia waliokimbilia pale kutafuta usalama, wakaua makumi ya watu. Waliokufa walizikwa harakaharaka, wengi pamoja. Mpaka leo watu wanakusanyika tarehe hiyo kuwaombea. Miaka hiyo wenyeji wetu ndio walikuwa wakimbizi: walivuka kwenda Aru na Ariwara upande wa Zaire, na Yei na Kajo Keji upande wa Sudan. Barbara Harrell-Bond aliwaandikia kitabu kizima, Imposing Aid, kilichotoka 1986. Mzee wa Kilugbara anayetupa shamba leo anaweza kuwa na mama aliyemwacha kwenye udongo wa Yei. Anajua tunachosema.

Sasa, ni nini kinachotuzuia? Kwanza ni neno moja: "kwa muda." Eti tuko hapa kwa muda, kwa hiyo mambo ya kudumu si yetu. Lobule ya Koboko ilifunguliwa 2013. Bidibidi, 2016. Imvepi ilifunguliwa tena 2017. Sikia hiyo "tena": Wasudani walikuwa Imvepi tangu miaka ya 1990, wakarudi kwao baada ya mkataba wa amani wa 2005, kisha vita vikawaleta pale pale. Mama mmoja wa Kajo Keji aliniambia kwamba alimzika mtoto wake Imvepi safari ya kwanza. Aliporudi safari ya pili akaenda kumtafuta. Alikumbuka mwembe na kichuguu. Mwembe ulikuwa umekatwa, na vichuguu, wewe mwenyewe unajua, viko kila mahali. Akazunguka siku mbili. "Nikamwaga maji pale nilipochoka," alisema, "nikamwambia, basi, hapa panatosha."

Turubai ni la muda. Kadi ni ya muda. Hata mgao wa chakula tumeona ni wa muda, ulipoanza kukatwa. Lakini hakuna mtu anayekufa kwa muda. Kifo ndicho kitu pekee cha kudumu ambacho mkimbizi anaruhusiwa kukipata bila kujaza fomu, nacho ndicho tunachokifanya kama kibanda cha nyasi.

Angalia kifo chetu kinaandikwa wapi kwa uhakika: kwenye ukubwa wa familia. Walikuwa 7, sasa ni 6. Kilo zinapungua, pesa zinapungua. Basi, marehemu amebaki alama ya kutoa. Halafu watu wanashangaa kwamba kuna familia zinachelewa kutoa taarifa ya msiba! Kama ofisi inamtaka maiti wako ili imfute tu, nani atakimbia kumpeleka? Lakini sheria ya Uganda ya Usajili wa Watu ya 2015 inataka kila kifo kinachotokea nchini kisajiliwe, si kifo cha raia peke yake. Na karatasi hiyo si pambo. Mjane ataulizwa uthibitisho siku akitaka kuolewa, au siku faili lake la kupelekwa nchi nyingine likifunguliwa. Yatima ataulizwa siku akirudi Faradje au Yei kudai shamba la baba yake.

Uganda hii hii imeshaona wakimbizi waliofanya vingine. Kuanzia 1942 maelfu ya watu wa Poland, waliotolewa kwao wakapelekwa Urusi, wakapitia Uajemi, waliletwa huku wakawekwa Nyabyeya kule Masindi na Koja kule Mukono. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walikaa miaka michache tu, kidogo kuliko sisi. Nao walikuwa "kwa muda". Ila walijenga kanisa Nyabyeya ambalo limesimama mpaka leo, na wafu wao wakawaandika majina. Zaidi ya miaka 70 baadaye watu wanatoka Poland kuja kuyatengeneza makaburi yale, kwa sababu kuna jina la kutafuta. Sisemi hivi kwa wivu. Nasema kwamba mkimbizi kuzikwa kwa jina lake katika nchi hii si ndoto. Limeshafanyika, kilomita si nyingi kutoka hapa.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana wapo.

Kuna anayesema: "Si kipaumbele." Hili niliambiwa mkutanoni na afisa wa shirika moja, kwa upole kabisa, kisha tukaendelea na ajenda ya kunawa mikono. Ndugu yangu afisa, fungua kitabu chenu cha Sphere. Kinasema maiti washughulikiwe kwa heshima na kwa kufuata desturi za watu wao. Kinasema pia makaburi yawe mbali na maji ya kunywa. Hiyo ya pili mnaikumbuka sana, kwa sababu mnaogopa maji yetu yasiharibike, na ni vizuri. Nakuomba usome na ile ya kwanza. Tena siombi mradi mkubwa. Kibao kidogo cha saruji kinafinyangwa kwa fremu ya mbao, na jina linaandikwa kwa msumari kabla hakijakauka. Mfuko mmoja wa saruji, ukichanganywa na mchanga, unatoa vibao zaidi ya 30. Mchwa hawali saruji, kama wanavyokula misalaba yetu ya mti kabla mwaka haujaisha.

Kuna anayesema: "Waafrika si watu wa kuandika majina makaburini." Huyu nitamjibu kwa neno la Kiswahili ambalo kila mtu analijua: Kariakoo. Mtaa ule wa Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, yamepata majina kutokana na wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, walioitwa Carrier Corps. Walibeba mizigo ya Waingereza mpaka wakafa kwa njaa na magonjwa, maelfu kwa maelfu. Vita ilipoisha, wakubwa walikaa wakaamua kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina lake, si desturi yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Miaka 100 imepita! Radhi ilifika, majina mengi hayatafika kamwe, kwa sababu siku ile hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Kwa hiyo mtu akiniambia "si desturi yenu", namuuliza: desturi hiyo umeisikia kwa nani, kwa mama wa marehemu au kwa mtunza bajeti?

Kuna mwenyeji anayeogopa, na hofu yake naiheshimu kuliko zote. West Nile kaburi ni hati ya shamba. Ugomvi wa mpaka ukifika kwa wazee, swali ni: babu zako wamelala wapi? Mwenye ardhi anaona mkimbizi anasakafia kaburi, anajiuliza kama wajukuu wa huyu watakuja kesho kusema hapa ni petu. Dawa si kuficha makaburi. Dawa ni kukaa naye chini, kupata eneo moja la pamoja kila kijiji, na kuandika mbele ya LC, RWC na wazee wa ukoo kwamba kaburi hili halidai ardhi. Tunaomba mahali pa kulala tu. Makaburi yaliyotawanyika kila kiwanja, bila jina, bila mapatano, hayo ndiyo yatakayoleta ugomvi, na siku moja mtu atachimba choo juu ya mifupa.

Na kuna wa kwetu, watu wa dini. Mchungaji anasema mwili ni mavumbi, sisi ni wasafiri. Shehe anasema kaburi lisipambwe. Wote wawili nawasikia. Mimi siombi marumaru. Kama kaburi la Mwislamu halitaandikwa, basi liandikwe daftari: jina, jina la baba, kijiji alichotoka, siku aliyokufa, mstari wa ngapi. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alikufa ugenini Jeddah mwaka 2003 akazikwa huko huko. Obote alikufa Johannesburg 2005 akarudishwa kuzikwa Akokoro. Hao walitawala nchi na bado ukimbizi uliwapata. Tofauti yao na yule "mutu moja wa zamani" ni kwamba wao dunia inajua walipo. Mungu anajua wote, sawa. Lakini daftari si la Mungu, ni la mtoto atakayekuja kuuliza.

Na mwenzangu mmoja wa kwetu Kongo alinicheka: "Siye tunatafuta chakula ya wazima, weye unatafuta majina ya wafu!" Nikamwambia, mbona ni jambo lile lile. Anayeona sawa sisi tulale bila majina ndiye anayeona sawa tuishi kama namba. Ukimzoea mtu akiwa tarakimu siku ya mgao, hutashtuka akiwa kichuguu siku ya kuzikwa.

Basi tufanye nini? Wafanyakazi wa misaada: mnapopanga kijiji kipya, mkiweka shule, kisima na soko kwenye ramani, wekeni na eneo la makaburi, mkiwa na mwenye ardhi mezani. Saidieni usajili wa vifo ufike kambini, msisubiri tutafute nauli ya kwenda mjini. RWC: kila mwenyekiti awe na daftari la wafu kama alivyo na orodha ya wanaogawiwa sabuni. Makanisa na misikiti: mmeshika majina ya waliobatizwa na waliofunga ndoa, shikeni na ya waliozikwa.

Na sisi wengine tusisubiri mtu. Daftari la kurasa 96 linauzwa kila kibanda. Anza na kiwanja chako, halafu cha jirani. Kaa na wakongwe waliofika wa kwanza, kabla nao hawajaondoka, waulize: chini ya mti ule ni nani? Nyuma ya kanisa ni nani? Mtoto yule wa mwaka wa kipindupindu aliitwaje? Andika hata kama jina ni moja tu. Andika hata kama mtu anakumbuka tu kwamba alikuwa fundi baiskeli na alipenda kuimba. Fanya nakala mbili, moja ibaki na mwenyekiti, moja uitunze mwenyewe. Jumapili hii panafaa kuanza.