Itoeni risasi, mwacheni mtoto na ndege yake

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii huwaambia wagonjwa wangu karibu kila wiki. Leo, mpenzi msomaji, yanihusu mimi daktari, kwa hivyo nitaungama kosa langu kabla sijataja ya wengine.

Mama mmoja wa hapa Dandora aliniletea mwanawe wa miaka tisa mara tatu katika muda wa miezi minne. Malalamiko yalikuwa yale yale: tumbo linamsokota, choo kimefunga, chakula hakitaki, na mwalimu anasema siku hizi hatulii darasani. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya minyoo. Mara ya pili nilimtazama ndani ya kope, nikaona zimepauka, nikampa dawa ya kuongeza damu. Foleni ilikuwa ndefu na watu wanakohoa kwenye mabenchi. Sikumuuliza kijana huyo swali hata moja kuhusu anachokifanya akitoka shuleni.

Jibu lilikuwa nyumbani kwangu, juu ya meza yangu mwenyewe.

Kila mtu ana kitu kinachompumzisha. Wengine hutazama kandanda, wengine hucheza bao au drafti. Mimi huunda ndege. Mwaka jana nilipita Gikomba, na katika lundo la vitu vya mitumba nikaona sanduku la karatasi lililochanika pembe. Ndani mlikuwa na vijiti na vibao vya balsa, karatasi laini ya kufunikia mabawa, mchoro uliogeuka rangi ya chai, na gundi iliyokauka ndani ya mrija wake. Bei iliyochapishwa juu ilikuwa ya shilingi na peni za Uingereza, kwa hivyo sanduku lile lilitengenezwa kabla ya mwaka 1971, nchi hiyo ilipobadili hesabu ya fedha zake. Ndege yenyewe ni Tiger Moth, ile ya mabawa mawili, moja juu ya jingine. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1931, na marubani wengi wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia kwayo.

Jamaa za ndege hiyo si wageni Nairobi. Mwaka 1929 Bi Florence Kerr Wilson alianzisha hapa kampuni ya Wilson Airways, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, dada mkubwa wa Tiger Moth. Uwanja wa Wilson umepata jina lake kwa mama huyo. Nasi wa Eastlands tunaishi karibu na uwanja wa kijeshi wa Eastleigh, uliokuwa ndio kiwanja kikuu cha ndege cha Nairobi hadi kile cha Embakasi kilipofunguliwa mwaka 1958. Mtoto wa Dandora hakosi ndege ya kuitazama juu. Si ajabu basi akitaka kuunda yake.

Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka Ekwado. Ni nyepesi hata kipande chenye ukubwa wa tofali unakiinua kwa vidole viwili. Unakata mbavu za bawa kwa wembe, unazipanga juu ya mchoro, unagundisha, unasubiri. Jambo moja huleta taabu. Mchoro una alama chini ya bawa la juu, na ukiishika ndege hapo kwa ncha za vidole, sharti ikae sawa kama mizani. Ndege hizi zina pua fupi. Mkia ukizidi uzito, ndege hupanda ghafla, husimama hewani, kisha huanguka chali. Dawa yake ni kuongeza uzito puani. Mchoro ulisema wazi: weka kipande cha risasi.

Aliyekuwa na sanduku hilo kabla yangu alikuwa ameacha kipande hicho ndani, kimefungwa katika karatasi. Nikakichonga kwa kisu nikitafuta uzito ufaao, na vumbi lake likadondoka juu ya meza ninayonywea chai. Nikalipangusa kwa kiganja. Ndipo nikashtuka. Mimi, mtu mzima niliyesomea udaktari, nilikuwa nimesahau jambo ambalo ningemkaripia mgonjwa kwalo.

Siku chache baadaye mama yule alirudi na mwanawe mara ya tatu. Safari hii nikamuuliza kijana, "Ukitoka shule unafanya nini?" Mama ndiye aliyejibu kwanza: "Huyu ni mtundu, daktari. Kutwa anatengeneza magari na ndege." Nikamwomba kijana anieleze ndege zake. Uso ukachangamka. Akasema ndege yake ya katoni ilikuwa ikianguka kwa mkia, basi akaitafutia kitu kizito cha puani. Alikipata kwenye betri kuukuu ya gari na vipande vya redio vilivyotoka jaani. Akaviyeyusha katika mkebe juu ya jiko la makaa, mama akiwa sokoni, akamimina shaba ya maskini hiyo katika shimo alilochimba kwenye udongo. Alifanya hivyo mara nyingi, kwa sababu marafiki nao walitaka.

Tulipima damu yake. Risasi ilikuwa imepita mbali kiwango ambacho daktari anaweza kukinyamazia.

Naomba tuelewane kuhusu madini haya. Kiswahili kimeyapa jina moja na lile la kinachotoka kwenye bunduki, lakini risasi hii haina mlio. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida. Mvuke na majivu yake hutua sakafuni, kwenye sufuria, kwenye nguo. Mtoto hushika, kisha hutia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Asiye na madini ya chuma ya kutosha hufyonza zaidi. Ikishaingia, husafiri hadi kwenye ubongo, ini na figo, na hujificha katika mifupa na meno kwa miaka mingi. Humpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza na kutulia, na mara nyingi haitoi dalili yoyote hadi imekwisha kudhuru. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Na hapa Dandora hatuzungumzii mtoto mmoja. Jaa letu lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Malori yangali yanamwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi katika kila desilita ya damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba hata mikrogramu 5 zinatosha kumfanya daktari atafute chanzo na kukikomesha.

Mama yule aliposikia hayo aliinuka. "Leo nikifika nyumbani naichoma hiyo ndege," akasema. Nikamwambia, "La, mama, usiichome." Alinitazama kama mtu aliyepagawa. Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo.

Sisi madaktari, walimu na wazazi tuna tabia ya kukataza. Usicheze huku, usishike kile, kaa ndani. Ni agizo rahisi kuliandika na halimgharimu daktari chochote. Lakini jiulize, mtoto aliyekatazwa kuunda atafanya nini katika mtaa usio na uwanja wa kutosha wala maktaba ya karibu? Kijana huyu wa miaka tisa alikuwa amegundua peke yake, bila mchoro wala mwalimu, kanuni ile ile iliyoandikwa na mabingwa katika sanduku langu: kwamba ndege huruka kwa mizani. Alitazama, akakosea, akafikiri, akarekebisha. Kumpokonya ndege ni kumwadhibu kwa sehemu iliyo bora zaidi ya akili yake, ile ile ambayo risasi inaishambulia.

Wako watakaosema kwamba afya kwanza, michezo baadaye. Nakubali kwamba sumu lazima iondoke leo hii, si kesho. Lakini mchezo na sumu ni vitu viwili. Kumbukeni petroli. Kwa miaka mingi ilitiwa risasi, na moshi wa magari ukatuingiza sumu mapafuni. Mwaka 2006 Kenya na nchi jirani ziliachana nayo. Je, tuliyaondoa magari barabarani? Hatukuyaondoa. Tuliitoa risasi, magari yakaendelea. Kama tuliweza kumfanyia hivyo mwenye gari, tumfanyie pia mtoto mwenye ndege ya katoni.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, betri kuukuu, lehemu, vyuma vya redio na rangi zilizobambuka visiingie nyumbani, na chochote kisiyeyushwe kwenye jiko la kupikia. Uzito wa puani si lazima uwe risasi: kokoto, nati ya chuma au sarafu hufanya kazi ile ile. Pili, gundi. Ile ya mafundi wa viatu ina kemikali inayolevya na kuharibu ubongo, nasi wa Nairobi tumewaona vijana wetu wakiinusa kwenye chupa. Mpe mtoto gundi nyeupe ya seremala inayooshwa kwa maji, au uji mzito wa unga wa ngano. Tatu, balsa haipatikani kirahisi, lakini bua la mahindi lililokauka ni jepesi pia, na katoni safi ya dukani ipo. Nyaya zilizochomwa jaani ili kutoa shaba ziepukwe. Nne, mbao zikipigwa msasa, zipigiwe nje, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Tano, maharagwe, ndengu, omena, mboga za majani na maziwa, kwa kadiri mfuko unavyoruhusu, huupa mwili chuma na kalisi, na mwili wenye hivyo hauipokei risasi kwa urahisi.

Kwa walimu nina ombi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika madarasani kote nchini mwaka 2019, unawataka wanafunzi waunde vitu kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yao. Ni wazo jema. Lakini mwalimu anayefundisha hapa akumbuke mazingira yetu ni yapi. Ukimwambia mtoto wa Dandora aje kesho na chuma, waya na plastiki, hujamtuma dukani, umemtuma jaani. Taja vifaa kwa majina, vile vilivyo salama, na ukatae vinavyonuka moshi.

Kwa madaktari wenzangu, na kwanza kwangu mwenyewe: mtoto wa Eastlands akija na tumbo lisiloeleweka, damu pungufu na utundu uliozidi, tumuulize mikono yake inashika nini. Swali hilo halina bei. Nao wanaoendesha kaunti wahakikishe kwamba kipimo cha risasi kinapatikana katika vituo vya umma vya mtaa huu, kwa sababu mama muuza mboga hawezi kukilipia katika maabara ya watu binafsi. Jaa lenyewe, ambalo tumeahidiwa kuhamishiwa kwingine tangu watoto wa ripoti ile wakiwa wadogo, lisisubiri kizazi kingine.

Kijana wangu hakuhitaji dawa za kuiondoa risasi mwilini. Hizo ni za waliozidiwa, na hutolewa hospitalini chini ya uangalizi. Alihitaji chanzo kikomeshwe. Mama alisugua sakafu kwa maji na sabuni, akautupa ule mkebe, akawaambia majirani. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kiwango kikishuka polepole. Yaliyokwisha kuingia kwenye mifupa yatachukua muda, nami sitamdanganya mama kwamba hakuna kilichoharibika.

Nami nilikifunga kile kipande changu na kukiweka mbali na mikono ya mtu. Pua ya Tiger Moth yangu sasa ina sarafu mbili kuukuu za senti kumi, na nikiishika kwenye alama, inakaa sawa. Nilimwonyesha kijana alipokuja kupimwa. Aliigeuzageuza, akaipima kwa vidole viwili kama fundi, kisha akaniambia kwamba yake sasa ina kokoto, na inaruka mbali zaidi.

Mzazi mwenzangu, jioni hii ukimkuta mwanao ameinama juu ya kitu anachokiunda, usianze na kofi. Chutama kando yake, umuulize kimetengenezwa kwa nini.