Anayepandisha watalii aulize bima kwanza
Bima nyingi za safari huweka kikomo cha mwinuko: nyingine mita 3,000, nyingine 4,500. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kina mita 5,895. Mtalii akizidiwa kambi ya Kibo, yapata mita 4,700, kampuni yake inaweza kukataa kulipia helikopta, na anayebanwa kwanza ni mfanyabiashara mdogo wa Moshi aliyempandisha. Huyo asipokee malipo ya awali kabla ya kusoma hati: je, imetaja kupanda mlima, na hadi mita ngapi? Wapo wanaoona haya kuuliza, wakidhani mgeni atakimbilia kwa jirani. Akimbilie. Na mpagazi, ambaye mara nyingi ni mkulima wa kahawa na ndizi, bima ya mgeni haimgusi kabisa. Yake ni juu ya mwajiri, kabla mzigo haujapanda kichwani.