Karatasi za Serikali na Daftari la Mitaa

Tarehe 4 Mei 2020, ndani ya mwezi wa Ramadhani, wakati wa mvua na marufuku ya kutoka nje usiku kwa ajili ya Korona, matingatinga yaliingia katika makazi yaliyopakana na mitambo ya maji machafu ya Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi. Maelfu ya watu walilala nje. Kampuni ya Maji ya Nairobi ilisema ardhi ile ni yake. Wakazi nao walisema waligawiwa viwanja na iliyokuwa Halmashauri ya Jiji, na barua wanazo mikononi.

Kuamua nani mwenye haki ni kazi ya mahakama, na mimi si hakimu. Langu leo ni swali dogo linalotangulia hukumu. Mtu wa Kariobangi akitaka kusoma kwa macho yake yale yaliyochapishwa na serikali juu ya mtaa anaokaa, aende wapi? Na akifika huko, aelekezwe rafu gani?

Huenda msomaji akasema kuwa mambo ya rafu ni ya wakutubi, yatuhusu nini sisi? Wahenga walikwisha kutujibu: mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi za serikali ni mali ya umma, na daftari lake ni mpango wa maktaba. Mpango ukiwa mbaya, karatasi huwa zipo na ni kama hazipo.

Tuanze na maktaba zenyewe. Upande ule wa Eastlands kuna maktaba ya Makadara, ambayo ni tawi la McMillan, na kuna ile ya Buruburu, iliyo ya ukoo wa Huduma ya Maktaba ya Taifa, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. McMillan yenyewe, iliyoko katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga humo mpaka mwaka 1958. Siku hizi mlango uko wazi kwa kila mtu. Lakini mlango wa jengo na mlango wa kitabu ni milango miwili mbalimbali.

Maktaba zetu za umma kwa kawaida hufuata mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Yeye aliigawa elimu yote katika mafungu kumi ya mia mia. Sisi Waislamu twaujua mpango huu kwa jambo moja: katika mia ya dini, Biblia na Ukristo vilipewa nafasi kutoka 220 mpaka 280 na ushei, na dini nyingine zote zikabanwa katika 290, Uislamu ukipata nambari 297. Sisemi haya kwa kulalamika. Nasema ili ionekane kwamba rafu hupangwa na mtu, na mtu huanza na yale aliyoyazoea.

Sasa chukua karatasi za Kariobangi uzipange kwa Dewey. Ripoti ya nyumba itakwenda 363.5. Ripoti ya maji machafu itakwenda 628. Habari za umiliki wa ardhi ziko 333, na ramani ya mipango ya mji iko 711. Idadi ya watu katika sensa ina mahali pake pengine. Mtaa mmoja umetawanywa katika pembe tano za chumba, na hakuna pembe hata moja iliyoandikwa jina lake. Juu ya hayo, karatasi nyingi za serikali ni vijitabu vyembamba visivyo na mgongo wa kuandikwa kitu. Vikisimamishwa rafuni hupotea baina ya vinene, na vikitiwa katika masanduku havionekani na mpita njia.

Iko njia ya pili. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, mkutubi mmoja mwanamke, Adelaide Hasse, alipanga karatasi za serikali kwa kufuata ofisi iliyozitoa. Wizara ya Kilimo ikapewa herufi yake, Mambo ya Ndani herufi yake, na kadhalika. Mpango huo ungali unatumika katika maktaba nyingi za huko zinazopokea karatasi za serikali kuu. Uzuri wake ni kwamba ripoti za ofisi moja hukaa pamoja mwaka baada ya mwaka.

Lakini ulete mpango huo Nairobi uone. Halmashauri ya Jiji iliondolewa mwaka 1983 ikawekwa Tume, ikarudi mwaka 1992, na mwaka 2013 ikaja Serikali ya Kaunti. Mwaka 2020 baadhi ya kazi za kaunti zilikabidhiwa chombo kingine cha serikali kuu, nacho kikavunjwa mwaka 2022. Huduma ya maji ilitolewa katika idara za halmashauri ikapewa kampuni, baada ya Sheria ya Maji ya mwaka 2002. Mtaa haukuhama, ila ofisi ndizo zilizobadilika majina. Atafutaye kwa jina la ofisi hana budi kwanza aijue nasaba ya ofisi zote hizo, na hilo ni jambo ambalo hata makarani wengine hawaliwezi.

Mabishano haya ya kupanga kwa mada au kwa aliyetoa, msomaji wa Mwambao asiyaone mageni. Waliosoma vyuoni na kukaa mbele ya masheikh wanayajua katika vitabu vya Hadithi. Imam Ahmad bin Hanbal, katika Musnad yake, alizipanga Hadithi kwa mpokezi: za Sayyidna Abubakar pamoja, za Sayyidna Umar pamoja, na wengineo vivyo hivyo. Imam Bukhari yeye alizipanga kwa milango: wahyi, imani, elimu, udhu, sala. Musnad humfaa mwanachuoni anayemjua mpokezi. Mtu wa kawaida aliye na mas'ala yake huenda kwa Bukhari.

Na Bukhari hakuishia hapo. Hadithi moja ikiwa ina faida katika milango mingi, aliirudia katika kila mlango. Ile Hadithi ya nia, inayojulikana hata na watoto wa chuoni, imo humo mahali saba. Kisha wakaja watu wa zama za karibu, kama Muhammad Fuad Abdul-Baqi wa Misri aliyetengeneza fahirisi ya maneno ya Kurani, ili mwenye kukumbuka neno moja tu aipate aya nzima. Basi wazee wetu walikwisha kuliona hili: panga utakavyo, kwa mpokezi au kwa mlango, lakini mtengenezee mtafutaji njia ya kuingia kwa lile analolijua.

Na mwananchi hujua nini? Hajui wizara, wala hajui nambari za Dewey. Anajua jina la mahali pake. Anajua Kariobangi, Korogocho, Likoni, Mpeketoni, Kipini.

Hasara ya kukosa fahirisi ya mahali haikuwapata watu wa Nairobi peke yao. Ripoti ya Sir James Robertson ya mwaka 1961 juu ya Ukanda wa Pwani, iliyotangulia mapatano ya Oktoba 1963 yaliyoingiza Mwambao katika Kenya, ilitolewa kama waraka wa Bunge la Uingereza, nambari 1585. Kwa kanuni ya kufuata aliyetoa, waraka huo umo katika kundi la karatasi za Waingereza. Kijana wa Mombasa au Lamu akiutafuta chini ya Serikali ya Kenya hatauona, ingawa unamhusu kuliko unavyomhusu mtu yeyote wa London.

Wako watakaosema kuwa mambo haya yamepitwa na wakati, kila kitu siku hizi kiko katika mtandao. Kweli, liko jambo la kushukuriwa. Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza mwaka 1899 wakati makao ya serikali yalipokuwa Mombasa, limewekwa mtandaoni na shirika la Kenya Law. Lakini tangazo la ardhi mara nyingi hutaja nambari ya kiwanja na kusema kipo katika jiji la Nairobi, bila kutaja mtaa. Andika Kariobangi katika mashine, na tangazo linalomhusu mwenye nyumba laweza lisitokee. Mashine hutafuta neno lililoandikwa, haitafuti maana. Anayejua kwamba nambari fulani ndiyo mtaa fulani ni mtu, na mtu huyo ndiye anayepaswa kuandika daftari.

Hoja ya pili ni fedha na watumishi, na hiyo ni hoja ya haki. Wakutubi wetu ni wachache na mishahara ni midogo. Kwa hiyo sitaki rafu zote zivunjwe zipangwe upya. Waache Dewey palepale alipo. Naomba daftari moja katika kila maktaba ya umma, au kabati moja la kadi, lililopangwa kwa majina ya mitaa, vijiji na visiwa vya eneo lile, kwa Kiswahili. Chini ya jina Kariobangi iandikwe: Gazeti Rasmi la tarehe fulani, tangazo nambari fulani, ripoti fulani, ukurasa fulani, sensa ya 2019, juzuu fulani, mjadala wa Bunge wa siku fulani, na rafu ya kila kimoja. Vyuo vikuu vyetu vinafundisha elimu ya ukutubi, na wanafunzi wao hutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Mazoezi gani yanayoshinda haya?

Sheria haina kipingamizi. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ikafuata mwaka 2016. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na maktaba zimetajwa katika Katiba hiyohiyo miongoni mwa kazi za kaunti. Basi wenye kuombwa tunawajua, nao ni mawaziri wa kaunti wanaoshika mambo ya utamaduni, wa Nairobi na wa Pwani.

Daftari hilo halitamrudishia mtu nyumba iliyokwisha kubomolewa. Lakini litampa nafasi ya kujua, kabla ya tingatinga kuwashwa, ardhi aliyoijengea imeandikwaje na nani. Anayejua mapema hupata wasaa wa kwenda mahakamani mchana, na wasaa huo ndio uliokosekana kwa wengi usiku ule wa Mei.